Nyumbani mnaongea lugha gani? Swali ambalo Muthara haijawahi kuulizwa

JIONI moja ya Jumapili, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Dallas, jimbo la Texas, anakoishi na kufanya kazi.

“Mjomba, uko na dakika mbili?”

“Niko nazo. Kuna shida?”

“Hakuna. Nimeletewa fomu ya serikali hapa, ya kuhesabu watu. Sasa wanauliza kama nyumbani tunaongea lugha nyingine mbali na Kiingereza, na ni lugha gani. Niandike nini?”

“Si uandike Kimeru?”

“Mama amekataa. Eti Kimeru ni cha watu wa Imenti. Anataka niandike Kitigania.”

Nilimsikia dada yangu mkubwa akisema jambo kwa mbali, kisha wote wawili wakacheka. Dada alizaliwa Muthara, akaolewa papo hapo Muthara, na alikwenda Marekani akiwa mtu mzima ili kumsaidia bintiye kulea watoto. Nilipouliza swali la pili la fomu hiyo lilikuwa lipi, mpwa wangu aliacha kucheka. Fomu ilitaka kujua kila mtu wa nyumba hiyo mwenye umri wa miaka mitano na zaidi anaongea Kiingereza kwa kiwango gani: vizuri sana, vizuri, si vizuri, au hajui kabisa.

“Wangu nimejaza ‘vizuri sana’. Wa Mama nimeweka ‘hajui kabisa’. Lakini Mjomba, nimeona vibaya kuandika hivyo.”

Msomaji mpendwa, makala haya yametokana na simu hiyo. Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30. Nimesoma ripoti za tume za elimu tangu enzi za mkoloni, na nimezifundisha. Ila sikuwahi kuona, hadi jioni hiyo, kwamba tume zote hizo ziliamua lugha ya kumfundishia mtoto wa Muthara bila mtu yeyote kubisha hodi na kuuliza: humu ndani mnaongea nini?

Kuku walihesabiwa

Wamarekani wameuliza swali hilo kwa namna hiyo hiyo tangu sensa yao ya 1980. Siku hizi halimo tena katika sensa ya kila miaka 10. Limehamishiwa katika utafiti wa kila mwaka ambao hutumwa kwa sampuli ya nyumba, na huo ndio uliomfikia mpwa wangu. Majibu yake si ya kufungiwa kabatini. Tangu 1975 sheria ya kura ya nchi hiyo inazitaka baadhi ya kaunti zichapishe karatasi za kura kwa lugha zaidi ya Kiingereza, na takwimu za lugha ya nyumbani ndizo zinazosaidia kuamua ni kaunti zipi. Shule huzitumia. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu hulazimika kumtafutia mgonjwa mkalimani.

Sasa rudi kwetu. Karani wa sensa aliyekuja boma letu Agosti 2019 alikuwa kijana mwenye adabu. Aliuliza majina, umri, kabila, dini, kiwango cha elimu, aina ya choo, kama tuna redio na runinga. Aliuliza ng’ombe ni wangapi, mbuzi wangapi, na kuku wangapi. Matokeo yalipotoka, Kaunti ya Meru ilikuwa na watu 1,545,714. Kuku wetu walihesabiwa. Lugha yetu haikuulizwa.

Utasema: lakini kabila liliulizwa, na kabila si ndilo lugha? Hapo ndipo penye kosa letu la miaka mingi. Kabila ni jibu la “wewe ni wa kina nani?” Lugha ya nyumbani ni jibu la “mama anamwita mtoto chakulani kwa maneno gani?” Maswali hayo mawili yaliweza kuwa na jibu moja mwaka wa 1920. Leo hayana, na kwa watu wa Tigania hayakuwahi kulingana sawasawa.

Sitaki kuwanyima watafiti haki yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na mradi mkubwa wa kuchunguza matumizi ya lugha katika Afrika Mashariki. Sehemu ya Kenya iliongozwa na Wilfred Whiteley, na kitabu chake kilitoka 1974, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Watafiti wake waliwauliza watu wanaongea nini nyumbani, sokoni na kazini, wakakuta Wakenya wengi wakiishi katika lugha mbili, tatu. Lakini huo ulikuwa utafiti wa wasomi. Serikali haikuugeuza kuwa desturi yake.

Kimeru ni kimoja au ni vingi?

Muthara iko Tigania Mashariki, kwenye vilima vya Nyambene, upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Kenya. Ni nchi ya miraa, viazi na mahindi, na ukishuka kaskazini unafika nyanda kavu za Isiolo. Waingereza wa boma na wamishenari walituweka sote, kuanzia Igembe hadi Chuka, chini ya jina moja: Wameru. Wenyewe tulijitambua kwa majina zaidi: Igembe, Tigania, Imenti, Miutini, Igoji, Mwimbi, Muthambi, Chuka, Tharaka. Masimulizi ya wazee wetu wengi yanasema tulitoka Mbwaa, mahali karibu na bahari, tukiwakimbia watu waliovaa mavazi mekundu. Kama ni kweli, basi sisi na Waswahili tuliwahi kuwa majirani kabla ya kukutana tena shuleni.

Ujirani wa lugha hauhitaji masimulizi. Mswahili ana *nyumba*, sisi tuna *nyomba*. Ana *mtu*, tuna *muntu*. Ana *mji*, sisi tuna *mucii*, ila kwetu mucii ni boma la mtu, ni pale anaporudi jioni. Malcolm Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu kwa herufi na nambari, aliweka Kikuyu kuwa E.51, Kiembu E.52, Kimeru E.53, Kitharaka E.54 na Kikamba E.55. Mjerumani Wilhelm Möhlig, aliyechapisha kazi yake 1974, alizichambua lahaja za mlimani kwa kina zaidi na kuonyesha jinsi zinavyobadilika kidogo kidogo unapozunguka mlima. Anayeishi upande mmoja anamwelewa jirani yake bila taabu. Anayeishi mwisho wa safu anamwelewa wa mwisho mwingine kwa kutega sikio.

Tatizo huanza pale lugha hiyo ndefu kama mto inapotakiwa kuingia katika kitabu kimoja. Kitabu hakiwezi kusema kwa lahaja tisa. Lazima moja ichaguliwe.

Waliofika kwanza

Wamishenari Wakatoliki wa Consolata walifika Meru 1911. Wamethodisti walifuata 1912, wakajenga Kaaga, karibu na mji wa Meru wa leo. Huko ni Imenti. Waliofundisha wazungu lugha walikuwa Waimenti, na wanafunzi wa kwanza kusoma walikuwa Waimenti. Hivyo Kimeru cha vitabu kikawa Kiimenti, bila kura na bila ugomvi. Agano Jipya kwa Kimeru lilitoka 1952, na Biblia nzima ikatoka 1964.

Wasomaji wa safu hii wanaijua hadithi hii kwa sura nyingine. Mwaka wa 1928 kongamano la Mombasa liliamua kwamba Kiswahili sanifu kitaegemea Kiunguja, na hadi leo wapo wenyeji wa Mombasa na Lamu wanaohisi kwamba Kimvita na Kiamu, vyenye hazina ya ushairi ya karne nyingi, vilipunjwa. Kila usanifishaji una aliyeketi karibu na meza na aliyekuwa mbali. Muthara ilikuwa mbali.

Kuna jambo la kejeli hapa. Katika miaka ya 1930 mkuu wa wilaya ya Meru alikuwa H. E. Lambert, Mwingereza anayekumbukwa kwetu kwa kulitambua baraza la wazee, Njuri Ncheke, na kulipa nafasi katika utawala. Lambert huyo huyo baadaye akawa mtafiti mkubwa wa Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichapisha vitabu vidogo kuhusu lahaja za pwani: Kivumba, Chichifundi, Chijomvu. Alikuwa na sikio la kusikia kwamba Mvumba hasemi kama Mwunguja, na akaona jambo hilo linastahili kitabu. Lakini katika shule za wilaya aliyoitawala, mtoto wa Tigania aliendelea kupewa kitabu cha Kiimenti na kuambiwa: hii ndiyo lugha ya mama yako.

Dada yangu alikuwa mmoja wa watoto hao, japo miaka mingi baadaye. Aliingia shule karibu na wakati wa uhuru. Ananisimulia kwamba siku za kwanza alidhani mwalimu, aliyetoka upande wa Imenti, anawatania. Kitabu kilikuwa na maneno ambayo mama yetu hakuyatumia, na sauti ya mwalimu ilipanda na kushuka mahali pasipozoeleka. Akijibu kwa Kitigania, anacheka mwalimu, kisha darasa zima linamfuata mwalimu. Tofauti zenyewe hazikuwa kubwa. Mtu mzima angezimeza kwa wiki mbili. Lakini mtoto wa miaka saba hajui kuwa hii ni tofauti ya lahaja. Anachojua ni kwamba anakosea kusema.

Tume baada ya tume

Sera yenyewe ilikuwa na umri kuliko shule yake. Mwaka wa 1909 mkutano wa wamishenari wa madhehebu mbalimbali uliofanyika Kenya ulipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya mama katika madarasa matatu ya mwanzo, Kiswahili katika mawili ya kati, na Kiingereza kuanzia hapo. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes nayo ikatilia mkazo lugha za wenyeji.

Tusidhani wazazi walishangilia. Waafrika wengi waliiona lugha ya mama darasani kuwa kufuli. Walimwona karani akiandika kwa Kiingereza, wakaona mahakama, benki na bunge vikiendeshwa kwa Kiingereza, na huyo anayewahimiza wabaki na lugha zao ndiye mwenye funguo. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya shule huru za Wakikuyu, kuanzia miaka ya 1930, kudai Kiingereza mapema. Baba yangu hakusoma, lakini hoja hiyo aliijua. Alikuwa akisema Kimeru mtoto anakijua tangu tumboni, hatamlipia karo akajifunze kupumua.

Kiswahili nacho kilikuja Muthara kwa mlango wake. Hakikuja kwanza kama lugha ya kitabu. Kilikuja na askari, na mtoza kodi, na vijana waliorudi kutoka jeshini na mashambani mwa walowezi. Kilikuja pia na biashara ya miraa, kwa sababu Mtigania na Msomali walihitaji mahali pa kukutania kimaneno. Ndiyo maana Kiswahili cha wazee wetu kilikuwa na nambari nyingi na bei nyingi, lakini maneno machache ya huzuni au ya ugonjwa. Nitarejea hapo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mbinu mpya ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ilijaribiwa Nairobi, kisha ikasambaa. Mwaka wa 1964 tume ya Ominde iliiunga mkono. Ukitazama tarehe utaona ajabu yake: mwaka ule ule ambao Mmeru alipata Biblia nzima kwa Kimeru, taifa lilipendekezewa kwamba mtoto wake aanze shule kwa Kiingereza. Mwaka wa 1976 tume ya Gachathi ikageuza usukani: madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha inayotawala katika eneo la shule. Mwaka wa 1981 tume ya Mackay ikaleta mfumo wa 8-4-4, na ulipoanza 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa.

Dada yangu alikutana na mabadiliko haya akiwa darasani. Alianza kwa Kimeru kisichokuwa chake, na kabla hakijamkaa Kiingereza kikaingia. Aliacha shule katika darasa la nne. Sababu zilikuwa nyingi: alikuwa msichana, karo ilikuwa haba, na mama alikuwa mgonjwa. Lakini alichobeba moyoni hadi leo si karo. Ni neno alilotupiwa na mwalimu mmoja mbele ya wenzake, kwamba ana kichwa kigumu.

Mimi nilimfuata miaka kadhaa baadaye katika shule hiyo hiyo. Wakati wangu kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba, tulichokiita disiki. Ukisikika ukiongea lugha ya nyumbani unavishwa shingoni, nawe unakaa ukimsikiliza mwenzako ateleze ili umpokeze. Jioni wote waliokivaa walichapwa. Nilijifunza Kiingereza, siwezi kukataa. Nilijifunza pia kunyamaza, na kuwasaliti marafiki zangu kwa sauti ya chini. Nilipofika nyumbani, dada ndiye aliyekuwa akinikanda migongo ya mikono kwa maji ya moto. Nyumba ilikuwa moja, mama mmoja, lugha moja. Mmoja akawa mwalimu, na mwingine akaambiwa hajui kitu.

“Ntio” na kipimo cha kujua lugha

Kuna kichekesho ambacho Wakenya hawakichoki. Mchekeshaji akitaka kumwigiza Mmeru, anasema *ntio* badala ya *ndio*, na *nkari* badala ya *gari*. Watu wanaangua kicheko, na Wameru wenyewe tunacheka.

Lakini kina sababu ya kiisimu. Pale ambapo Mkikuyu ana *mundu*, sisi tuna *muntu*. Moyo kwetu ni *nkoro*, kwa Mkikuyu ni *ngoro*. Sauti *nt* na *nk* ndizo zilizozoeleka kinywani mwetu, na *nd* na *ng* za wenzetu hazina makao hayo. Ongeza kwamba Kimeru kina irabu saba ilhali Kiswahili kina tano. Anayesema *ntio* hana ulimi mzito. Anafuata kanuni, ila ni kanuni za lugha ya nyumbani kwake.

Nataja hili kwa sababu ya lile swali la pili la fomu ya Marekani: anaongea Kiingereza kwa kiwango gani? Nimeshuhudia, katika vikao vya ajira na hata katika vyumba vya walimu, kijana wa Tigania mwenye Kiingereza safi cha kuandika akihesabiwa kuwa “hajui Kiingereza” kwa sababu ya *nt* moja. Na nimeona mwingine, aliyelelewa mjini, akipita kwa matamshi laini ilhali hawezi kuandika aya mbili zinazoshikana. Tunapima lafudhi, kisha tunaita matokeo umahiri. Fomu ya Marekani nayo haina kipimo bora sana, maana mtu hujikadiria mwenyewe. Lakini angalau inaweka maswali mawili kando kwa kando: nyumbani unaongea nini, na Kiingereza unakiweza vipi. Sisi tunauliza la pili tu, kwa njia ya mtihani, na anayeanguka tunamwita mvivu.

Desemba nyumbani

Desemba hukusanya ukoo. Mwaka uliopita niliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mti na kusikiliza tu, nikijifanya karani wa sensa isiyokuwapo.

Shangazi yangu, mkongwe kuliko wote, aliongea Kitigania kwa kila mtu, na hata kwa mbwa. Watoto wake walimjibu kwa Kitigania, wakageukiana na kuongea Kitigania chenye Kiswahili ndani yake. Wajukuu wanaoishi Muthara walicheza kwa Kitigania, lakini mchezo ukiwa na mpira wa Ulaya, wanahamia Kiswahili na Sheng. Redio jikoni ilikuwa kwenye Muuga FM, ikitangaza Kimeru chenye mchanganyiko wa pande zote, na nadhani redio imewapatanisha Mwimenti na Mtigania kuliko kitabu chochote. Halafu kulikuwa na wajukuu wa Nairobi. Hao waliongea Kiingereza wao kwa wao, na Kiswahili kwa kijana wa bodaboda. Shangazi alipomwita mmoja wao aje ambariki, mtoto alimtazama baba yake ili atafsiriwe. Shangazi alisubiri huku mkono uko hewani.

Siwalaumu wazazi wale. Wanafanya alichofanya baba yangu: wanafuata ufunguo ulipo. Wengine wanaongea na watoto wao Kiingereza ambacho wao wenyewe hakiwatoshi, kwa hofu tu. Ninachouliza ni hiki: katika ukoo huo mmoja, lugha ya mama ni ipi? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi, na serikali itakuza na kulinda anuwai ya lugha za Wakenya. Mtaala wa umilisi umerudisha lugha za kiasili katika gredi za mwanzo. Ni jambo jema. Lakini mwalimu wa gredi ya kwanza Muthara atafundisha Kimeru kipi? Kama ni cha kitabu cha Imenti, anayo haki ya kumwambia mtoto kwamba neno la nyumbani kwake si kosa, ni ndugu wa neno la kitabuni. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji mwalimu ajue.

Uchungu unaoelezwa kwa lugha ya soko

Nilisema nitarejea kwenye Kiswahili cha sokoni. Miezi michache kabla ya fomu ile, dada yangu aliugua ghafla huko Dallas wakati bintiye yuko kazini. Alifikishwa hospitalini na jirani. Wahudumu waliona hajui Kiingereza, wakauliza ametoka nchi gani. Kenya. Wakampigia mkalimani wa Kiswahili kwa simu.

Walitimiza wajibu wao, na nawapongeza. Lakini Kiswahili cha dada ni cha kuuza viazi na kununua sukari. Mkalimani alimuuliza kwa Kiswahili fasaha kama maumivu yanachoma, yanakata au yanavuta. Kwa Kitigania angemweleza yalipoanza, yalivyosambaa na yanavyofanana na nini. Kwa Kiswahili alisema, “Tumbo mbaya.” Alisema hivyo mara tatu. Bintiye alipofika, saa kadhaa baadaye, ndipo daktari alipopata habari kamili. Dada alipona, Mungu ni mwema. Ila mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliposimuliwa kisa hicho nilikosa la kusema. Nilikuwa nimeamini, kama wenzangu wengi, kwamba ukiwa Mkenya basi Kiswahili kitakutosha popote.

Jambo hilo halitokei Texas tu. Muuguzi anayepelekwa Tigania kutoka kaunti nyingine hukutana nalo kila wiki, na hana hata mtu wa kumpigia simu.

Basi pendekezo langu ni dogo. Sensa yetu ijayo, tukifuata desturi ya kila miaka 10, itakuwa 2029. Baada ya swali la kabila kuwe na maswali matatu: nyumbani mnaongea lugha gani zaidi; Kiswahili unakiweza kwa kiwango gani; Kiingereza unakiweza kwa kiwango gani. Karani aruhusiwe kuandika jibu kama lilivyotolewa. Akijibiwa Kitigania, aandike Kitigania. Wenye kuunganisha wataunganisha baadaye, wakijua wanaunganisha nini. Na kabla ya 2029, kila mwalimu wa gredi ya kwanza anaweza kuuliza swali hilo siku ya kwanza ya muhula, mtoto mmoja baada ya mwingine.

Mpwa wangu, kwa taarifa yenu, hatimaye aliandika “Meru”, maana alihofu kwamba Kitigania hakitatambuliwa na mtu ofisini. Nilipochunguza baadaye, niligundua kwamba katika majedwali makuu ya Marekani lugha yetu huwekwa katika kapu linaloitwa “Kiswahili au lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini.” Nilimweleza dada hayo kwa simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, kwa Kitigania, kama sasa nitaanza kumfundisha Kiswahili kwa kuwa tayari amehesabiwa humo. Nikamwambia tutaanza na majina ya magonjwa.